Wino, risasi na esansi: historia ya wachapaji na somo kwa vijana wetu



Wiki iliyopita nilipita katika karakana moja ndogo ya kuchapa fulana na bandroli. Ni chumba kimoja cha mbao, chenye dirisha moja, nalo lilikuwa limefungwa ili vumbi la barabara lisiharibu kazi. Ndani nilimkuta kijana wa miaka kama 17, mtoto wa familia iliyohama kijijini. Alikuwa ananawa mikono hadi kwenye viwiko ndani ya sufuria ya zamani. Lakini hayakuwa maji. Ilikuwa esansi, ile tunayotia kwenye pikipiki.

Nilimuuliza kama haimchomi. Akanijibu: «Papa, wino hautoki kwa sabuni. Kichwa kinaniuma jioni tu, kesho kinapona.»

Jina lake sitalitaja, wala la karakana, maana wako wengi wanaofanya hivyo, na patroni wake naye alifundishwa hivyohivyo. Lakini maneno yake nilirudi nayo nyumbani. Maana historia ya kazi ya kuchapa imejaa vijana waliosema kama yeye, kwamba ni kichwa tu, kesho kitapona. Wengine hawakupona. Leo naomba tuipitie historia hiyo pamoja, tangu mwanzo wake, kisha turudi kwenye sufuria ile ya esansi.

Herufi za risasi

Karibu mwaka 1450, katika mji wa Mainz nchini Ujerumani, fundi aitwaye Johannes Gutenberg alianza kuchapa vitabu kwa herufi za chuma zinazopangwa moja moja. Wino wake haukuwa wa maji kama ule wa kuandikia kwa kalamu. Wino wa maji unateleza juu ya chuma. Wachapaji wakachukua mafuta ya kitani, wakayachemsha mpaka yakawa mazito, wakayachanganya na masizi. Kwa miaka mingi sana wino wa kuchapia ulibaki hivyo, mafuta na masizi, na kwa sehemu kubwa hatari yake ilikuwa ya moto, kwa sababu mafuta hayo yalichemshwa juu ya kuni.

Hatari nyingine ilikuwa katika herufi zenyewe. Zilitengenezwa kwa risasi iliyochanganywa na bati na antimoni. Risasi inayeyuka kwa moto mdogo, ni rahisi kumimina, na ndiyo sababu ilipendwa. Lakini ikiingia mwilini kidogo kidogo, kwa mdomo au kwa vumbi, haitoki upesi. Inakaa kwenye mifupa. Inaleta maumivu ya tumbo, upungufu wa damu, na mishipa ya mikono inalegea mpaka kiganja kinaning'inia.

Mganga mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, alikuwa wa kwanza kuandika kitabu kizima juu ya magonjwa ya wafanyakazi. Kilitoka mwaka 1700, na mwaka 1713 akakiongeza, akaweka na sura ya wachapaji. Ramazzini aliwaambia waganga wenzake kwamba wakimtembelea mgonjwa maskini, wasitosheke kumuuliza anaumwa wapi na tangu lini. Wamuulize pia: unafanya kazi gani? Swali hilo ni fupi, lakini hadi leo katika vituo vyetu vya afya linasahauliwa. Kijana anakuja na kizunguzungu, anapewa dawa ya malaria, anarudi kwenye esansi yake.

Benjamin Franklin, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa viongozi wakubwa wa Marekani, alianza maisha yake kama mchapaji. Mwaka 1786, akiwa mzee, alimwandikia rafiki yake barua juu ya mambo aliyoyaona London mwaka 1724, alipokuwa kijana. Katika nyumba ya uchapaji alimofanyia kazi, wapangaji wa herufi walikuwa na desturi ya kuweka sanduku la herufi mbele ya moto ili zikauke baada ya kuoshwa. Wakati wa baridi ilipendeza, maana herufi ziliwapasha vidole joto. Mzee mmoja wa kazi akamwonya Franklin aache, la sivyo atapoteza mikono. Wenzao wawili walikuwa karibu kuipoteza. Mmoja wao, ambaye zamani alipata gini nzima kwa wiki, sasa mshahara wake haukufikia hata nusu, kwa sababu vidole havikumtii tena.

Franklin aliendelea kudadisi. Fundi mwingine, aliyekuwa anamimina herufi, akamweleza kwamba ubaya haukuwa hasa katika moshi. Wafanyakazi wachafu walikwenda kula bila kunawa, na vipande vidogo vya risasi vikiwa vimeshikamana na vidole vyao, wakavila pamoja na mkate. Miaka 300 imepita tangu hapo, na ushauri ule haujazeeka: nawa mikono kabla ya kula, na usile mahali unapochapia.

Herufi zilivyofika kwetu

Kazi hii ilifika Afrika ya Mashariki na Congo ikiwa na herufi zilezile za risasi. Kule Unguja, Edward Steere wa misheni ya Waanglikana, aliyefika mwaka 1864, aliweka mtambo wa kuchapa na kuwafundisha vijana waliokombolewa kutoka utumwani kupanga herufi. Kwa mikono yao yalitoka baadhi ya maandishi ya kwanza ya Kiswahili yaliyochapwa kwa herufi za Kilatini, na mwaka 1888 katika shule ya Kiungani likaanza jarida la Msimulizi. Kwa hiyo lugha hii tunayoongea sasa ilipangwa herufi kwa herufi na watoto waliokuwa wametolewa katika majahazi ya watumwa. Tuwakumbuke.

Kwetu Congo, misheni ya Wabatisti wa Uingereza ilikuwa na mtambo mkubwa kule Bolobo, kando ya mto Congo. Wamisheni wengine nao wakaweka mitambo yao, na katika miji ya wakati wa Wabelgiji, kama Léopoldville na Élisabethville, yakatokea magazeti. Vijana wa Kikongo waliajiriwa kupanga herufi, kutia wino na kusafisha mashine. Kazi hiyo ilikuwa ya heshima, maana ilimtaka mtu anayejua kusoma.

Herufi za risasi ziliondoka polepole baada ya mwaka 1950, mashine za ofseti zilipoenea. Gazeti la New York Times lilichapwa kwa risasi mara ya mwisho usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 Julai 1978. Kwetu, kwenye maparokia na mashuleni, wazee wanakumbuka roneo na stensili kabla ya fotokopi. Ikiwa bado kuna mtu anayehifadhi sanduku la herufi za zamani, nakuomba: usiziyeyushe kwenye mbabula ya kupikia ili kutengeneza vizito vya nyavu. Moshi na vumbi la risasi huwaumiza watoto kuliko wakubwa, na akili ya mtoto iliyodhurika na risasi hairudi.

Risasi ilipoondoka, adui mwingine alikuwa ameshaingia mlangoni. Huyo haonekani kwa macho. Ni mvuke.

New York na Milano: mvuke unaoharibu damu

Mwanzoni mwa karne ya 20, magazeti yalianza kuchapa picha nzuri kwa njia iitwayo rotograviya. Karatasi inapita upesi sana juu ya silinda ya shaba iliyochongwa, kwa hiyo wino lazima ukauke upesi vilevile. Mafuta ya kitani hayawezi mwendo huo. Wenye viwanda wakatafuta kitu cha kuyeyusha wino kinachoruka hewani kwa sekunde chache. Wakachagua benzeni. Ilikuwa na bei nafuu, ilikausha vizuri, na harufu yake ni tamu kidogo.

Benzeni inaingia kwa pumzi, na katika mwili inashambulia uboho, yaani ile sehemu ya ndani ya mfupa inayotengeneza damu. Mtu anachoka, anapauka, fizi zinatoka damu, kidonda hakifungi. Kwa wengine, baada ya miaka, inaleta saratani ya damu.

Katika miaka ya 1930 mjini New York, waganga walipima wafanyakazi 332 wa rotograviya, na ripoti yao ikatoka mwaka 1939. Zaidi ya mmoja kwa kila watatu alikuwa na dalili za sumu ya benzeni. Na hawa wote walikuwa kazini. Walikuwa wanakwenda na kurudi kila siku, wakisema labda, kama kijana wetu, kwamba ni uchovu tu.

Kule Milano, Italia, kulikuwa na kliniki iliyofunguliwa mwaka 1910 kwa ajili ya magonjwa ya kazi tu, ya kwanza duniani ya namna hiyo. Daktari Enrico Vigliani wa kliniki hiyo alifuatilia kwa miaka mingi wachapaji wa rotograviya na washona viatu wanaotumia gundi, akaandika wazi kwamba benzeni inaleta saratani ya damu. Mwaka 1963 Italia ikatunga sheria ya kuzuia benzeni katika wino na gundi. Viwanda vikahamia viyeyushi vingine, na visa vipya vikapungua sana. Ilikuwa imechukua miaka mingi tangu visa vya kwanza hadi sheria.

Mwaka 1971 Shirika la Kazi Duniani likapitisha Mkataba namba 136 juu ya benzeni. Mkataba huo unakataza benzeni kutumika kama kiyeyushi katika kazi zilizo wazi. Unasema pia kwamba mwanamke mwenye mimba na mama anayenyonyesha wasiwekwe kwenye kazi ya benzeni, na vijana walio chini ya miaka 18 vivyo hivyo, isipokuwa wale walio kwenye mafunzo yanayosimamiwa vizuri na fundi na mganga. Na kwa mkataba huo, kitu chochote kilichozidi asilimia 1 ya benzeni kinahesabiwa kuwa na benzeni.

Hapa sasa turudi kwenye sufuria. Esansi ya gari, kwa asili yake, ina benzeni ndani. Kiasi chake kinatofautiana kwa kiwanda na kwa nchi, lakini ipo. Kwa hiyo yule anayenawa mikono kwa esansi katika chumba kilichofungwa anafanya, bila kujua, kitu ambacho wachapaji wa New York na Milano walikilipia kwa damu yao.

Alcoy: wino uleule, njia nyingine

Historia ya pili ni ya Hispania. Mwaka 1992, katika eneo la mji wa Alcoy, kulikuwa na viwanda vidogo vya kuchapa maua na michoro juu ya vitambaa. Rangi waliyotumia ilikuwa imetengenezwa ipakwe kwa sponji au brashi. Lakini kupuliza kwa bunduki ya hewa kunaharakisha kazi, na wakaanza kupuliza.

Rangi iliyopakwa kwa sponji haikuwa imemuua mtu. Ilipogeuka kuwa ukungu mwembamba, iliingia hadi ndani kabisa ya mapafu. Watu sita walifariki, wengi wao wanawake, na makumi wengine waliugua. Wino uleule ulitumika kwa kupuliza pia katika mji wa Tlemcen, nchini Algeria, na wafanyakazi wakaugua mapafu kwa namna ileile.

Somo lake ni hili: usiseme tu «wino huu tunautumia tangu zamani». Uliza pia unautumiaje. Kitu kisicho na ubaya mkubwa kikiwa kwenye brashi kinaweza kuwa sumu kikiwa hewani. Vijana wetu wanaopuliza rangi kwenye fulana, vibao vya maduka na magari, wakijifunika kwa kitambaa tu, wasikilize hapo.

Osaka: chumba bila hewa

Historia ya tatu ni ya karibu zaidi, na ndiyo inayonitisha kuliko zote, kwa sababu ilitokea katika nchi tajiri, yenye madaktari na sheria.

Mjini Osaka, Japani, kulikuwa na nyumba ndogo ya uchapaji iliyofanya kazi ya kuchapa mifano kabla ya chapa kubwa. Katika kazi hiyo unachapa nakala chache tu, kisha unasafisha wino wote kwenye mpira wa mashine, unaweka rangi nyingine. Kwa hiyo walisafisha mamia ya mara kwa siku, kwa kitambaa kilichoroweshwa dawa ya kuyeyusha wino. Hewa ya chumba haikutoka nje vya kutosha, na wafanyakazi hawakupewa barakoa za kuzuia mvuke.

Mtafiti Kumagai Shinji na wenzake walitangaza jambo la ajabu. Kati ya wanaume 62 waliokuwa wamefanya kazi katika chumba kile kwa mwaka mmoja au zaidi, kati ya 1991 na 2006, watu 11 walipata saratani ya mirija ya nyongo. Ugonjwa huo ni wa wazee, na ni wa nadra. Lakini hawa waliupata wakiwa na miaka kati ya 25 na 45. Sita kati yao walikuwa wameshafariki.

Dawa iliyoshukiwa inaitwa dikloropropani. Kwa jina kamili ni 1,2-dikloropropani. Wakati ilipotumika haikuwa kwenye orodha ya viyeyushi vilivyobanwa na sheria ya Japani. Hakuna aliyevunja sheria kwa kuinunua. Mwaka 2013 Japani ilitambua rasmi ugonjwa huo kuwa wa kazi na kuweka masharti juu ya dawa hiyo, na mwaka 2014 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wakaiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Tusidanganyike basi na neno «hakijakatazwa». Sheria mara nyingi inafika baada ya mazishi.

Ni kitu gani kinafanana?

Nikizitazama historia hizi zote, tangu mzee wa London hadi Osaka, naona mambo manne yanayorudi.

Kwanza, waathirika ni vijana na watu wanaohitaji kazi sana. Mwenye njaa haulizi chupa ina nini.

Pili, pua ilidhaniwa kuwa mlinzi. Pua inachoka. Baada ya dakika chache katika chumba chenye harufu kali, unaacha kuisikia, na unadhani mvuke umekwisha.

Tatu, chumba. Hewa haikutoka vya kutosha Osaka, na kwetu dirisha limefungwa kwa sababu ya vumbi.

Nne, wa kwanza kujua walikuwa wafanyakazi wenyewe. Yule mzee aliyemwonya Franklin hakuwa daktari. Alikuwa amewaona wenzake wakilegea mikono. Kwa hiyo katika karakana zetu, mtu akisema «tangu nianze kazi hii naumwa», asichekwe. Labda yeye ndiye mzee wetu wa London.

Njia nyingine ipo, na Congo imo ndani yake

Historia hii ina na upande mwema. Kule Denmark, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, wafanyakazi wa ofseti walianza kusafisha mashine kwa mafuta ya mimea badala ya viyeyushi vinavyoruka hewani. Mafuta yanachukua muda zaidi, na lazima kupangusa vizuri kwa maji baadaye, lakini hayatoi mvuke wa kulevya wala hayashiki moto upesi. Njia hiyo ikaenezwa katika nchi nyingine za Ulaya. Marekani nako, mwaka 1987, gazeti la The Gazette la Cedar Rapids lilianza kuchapa kwa wino wa mafuta ya soya, na magazeti mengi yakafuata.

Na wengi hawajui kwamba Congo imo ndani ya wino. Wino wa mafuta unahitaji kitu cha kuukausha, na kwa muda mrefu kitu kinachopendwa ni kobalti. Kobalti nyingi ya dunia inatoka kwetu, kule Lualaba na Haut-Katanga. Vitabu vya shule vya nchi za mbali vimekauka kwa jasho la wachimbaji wetu. Basi haifai vijana wetu tena waumie wakati wino unaporudi ukiwa ndani ya mikebe.

Tufanye nini kesho asubuhi?

Najua hali zetu. Mtu aliyekimbia na watoto watano, analala chini ya bashi, akipata kibarua cha kusafisha mashine hawezi kukikataa kwa sababu nimeandika hapa. Kwa hiyo nataja mambo yanayowezekana kwa pesa kidogo au bila pesa.

Mikono isinawe kwa esansi wala kwa diluani. Chukua mafuta ya kula kidogo, sugua mpaka wino ulegee, pangusa kwa kitambaa, kisha nawa kwa sabuni. Itachukua dakika mbili zaidi. Kwa fulana, penye uwezo, tafuta wino wa maji, ambao chombo chake kinaoshwa kwa maji.

Hewa ipite. Dirisha na mlango viwe wazi pande mbili ili upepo uvuke chumba. Kama vumbi linasumbua, tundika kitambaa chepesi, lakini usifunge. Kazi ya kusafisha kwa diluani ifanyike nje chini ya kivuli. Feni, kama ipo, iwekwe isukume hewa itoke nje, isimpulizie mtu mvuke usoni. Na kumbuka kwamba barakoa ya kitambaa au ya hospitali inazuia matone na vumbi, haizuii mvuke hata kidogo.

Moto uwe mbali. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini sakafuni kama maji, unaweza kufika kwenye mbabula ya jirani, na moto ukarudi nao mpaka kwenye bidoni. Katika kartiye zetu za nyumba za mbao, nyumba moja ikishika, avenu nzima inaondoka. Umeme ukikatika, usiwashe mshumaa karibu na diluani. Usivute sigara. Matambara yenye wino wa mafuta yasirundikwe kwenye kona, maana yanaweza kupata joto yenyewe hadi yakawaka. Yatiwe kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, na yatolewe nje kila jioni.

Chupa isidanganye. Hapa naomba kina mama wanisikilize vizuri. Diluani na esansi visitiwe kamwe kwenye chupa ya maji au ya soda. Mtoto mwenye kiu hajui kusoma. Kiweke kwenye chombo chake, kiandike, kiweke juu, na kama unalala na watoto katika chumba kimoja, usilale na vitu hivyo ndani. Kwenye mikebe ya kiwandani tazama alama zenye mstari mwekundu wa pembe nne: moto maana yake kinawaka, fuvu maana yake ni sumu inayoua upesi, na mtu mwenye nyota kifuani maana yake kinaweza kuleta saratani au ugonjwa wa ndani baada ya muda mrefu. Hata asiyesoma anaweza kuzijua alama hizo.

Glavu nyembamba za hospitali zinapitisha diluani upesi. Zile za nitrili, mara nyingi za rangi ya buluu, ni afadhali, lakini zikichanika au zikivimba zitupwe. Nguo za kazi zibaki kazini, zifuliwe peke yake. Mwenye mimba, anayenyonyesha na mtoto chini ya miaka 18 wawekwe kwenye kukunja, kuhesabu na kufunga, wasiwekwe kwenye kusafisha.

Ajali ikitokea: mtu akimeza esansi au diluani, usimtapishe, kwa sababu ikirudi inaweza kuingia kwenye mapafu. Mpeleke kituo cha afya pamoja na chupa yenyewe. Ikiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Ikimwagika mwilini, vua nguo, nawa kwa sabuni na maji. Mtu akilewa kwa mvuke, mtoe kwenye hewa safi kwanza, na wewe usikae ndani.

Na wakuu wa kazi nao wakumbuke wajibu wao. Sheria ya kazi ya nchi yetu, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamdai mwajiri alinde afya na usalama wa wafanyakazi wake. Ile ya mwaka 2016 juu ya usalama wa jamii inahesabu magonjwa ya kazi pamoja na ajali za kazi, lakini faida yake inamfikia yule aliyeandikishwa. Kibarua asiyeandikwa popote anaugua peke yake.

Nilirudi kwa yule kijana juzi nikiwa na kichupa cha mafuta ya mawese na kipande cha sabuni. Alijaribu. Wino ulitoka, isipokuwa kidogo kwenye kucha. Alicheka akasema: «Papa, inachelewa.» Nikamwambia ndiyo, inachelewa. Dirisha pia lilikuwa wazi siku hiyo, na patroni wake alikuwa ametundika neti kuukuu kuzuia vumbi. Sufuria ya esansi bado ilikuwepo pembeni. Nitapita tena wiki ijayo.

Kama katika mtaa wenu au katika kambi yenu kuna mtu anayefanya kazi hii, msomeeni habari hii kwa sauti. Na akienda kwa mganga, asisahau kusema anafanya kazi gani, hata kama hakuulizwa.